Jina la Guku

Wazee wetu, akina mama, walimu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa pale kwa nyasi manake viti vimeisha, hamjambo. Mwalimu mkuu alinipigia simu akaniambia nikuje niongee kidogo kuhusu kusoma, kwa sababu leo tunafungua hii maktaba yenu na mnataka mtu aliyezaliwa hapa awape moyo. Nikasema sawa. Lakini wiki nzima nimekuwa nikijiuliza nitasema nini, kwa sababu ile hotuba ya kusoma ni ufunguo wa maisha mmeisikia tangu nasari na mnaijua hadi mwisho. Sasa nimewaletea neno moja tu, na hilo neno ni jina, na hilo jina ni Gladys.

Hebu walio na hilo jina wainue mkono. Usiogope wewe wa nyuma, inua. Moja, mbili, tatu... naona wanne kwa wanafunzi, mama wawili pale kwa hema, na mimi wa saba. Na wa nane ni huyu mama aliyekaa hapa mbele na blanketi magotini, huyu ni guku wangu, yaani nyanya yangu, ndiye nilichukua jina kwake. Jina la ukoo nilipewa la mama yake aliyetangulia, la dini nikapewa lake. Guku ana miaka themanini na kitu na leo amekuja mwenyewe, hajaletwa na mtu, alisema anataka kusikia.

Nianze na yeye. Wengi wenu mnamfahamu, mnajua anatembea akiegemea fimbo, na si uzee, ni mguu wa kushoto uliodhoofika akiwa mtoto wa miaka kama minne hivi, aliugua homa siku kadhaa na alipoamka mguu haukuwa na nguvu tena. Alipofika umri wa kupewa jina la dini akasimama kanisani na wenzake, wakagawiwa majina, huyu Ruth, huyu Miriam, huyu Gladys. Miaka mingi baadaye mtu mmoja aliyekuwa na elimu yake, sitamtaja na alishaenda, alimwambia guku kwamba amesoma kwa kitabu na hilo jina Gladys maana yake ni kilema. Basi. Alisema tu akaenda zake. Guku akabaki na hilo neno. Hakuambia mtu, alikuja kuniambia mimi nikiwa tayari mwanamke mzima, tukiwa jikoni tunachambua mboga, mrenda na kunde, akaniambia bila kuniangalia, "Unajua walinipa jina la mguu wangu." Na akaomba msamaha kwamba na mimi nimelibeba.

Mimi nilikaa na mboga mkononi sikujua niseme nini. Nikatoa simu nikatafuta kwa mtandao, na kweli, tovuti ya kwanza, kilema. Ya pili, kilema. Ya tatu imenakili kutoka kwa ya pili. Sasa fikirieni, na pale kwa nyasi kuna wasichana wanne, wote wana simu za wazazi nyumbani, siku moja watatafuta maana ya jina lao na watapata hilo hilo, na hakuna mtu wa kuwaambia ngoja kwanza. Ndio maana nilianza kusoma, na niliyoyapata ndiyo nawaletea leo.

Kwanza, Gladys si Kiingereza, ingawa sisi tulilipokea kutoka kwa Waingereza. Ni jina la Welisi. Mnaijua Welisi, wavulana wanaijua, ile nchi ya mchezaji mpira Gareth Bale, iko ubavuni mwa Uingereza upande wa magharibi, watu milioni tatu na kitu tu, milima, kondoo, makaa ya mawe. Na hao watu wana lugha yao, Kiwelisi, ambayo haina ujamaa wa karibu na Kiingereza kabisa, mtu wa London akiisikia haelewi kitu. Katika hiyo lugha jina letu linaandikwa Gwladus au Gwladys, linaanza na G na W halafu L, na ukilitamka ni kama Gwla-dis. Waingereza hawakuiweza hiyo W ya katikati wakaitupa, ikabaki Gladys.

Sasa maana yake. Kwa Kiwelisi kuna neno gwlad, maana yake nchi. Hili ni neno kubwa kwao, wimbo wao wa taifa uliotungwa 1856 kule Pontypridd na baba na mwanawe, Evan James na James James, kiitikio chake kinaanza kwa kulitaja mara mbili, gwlad, gwlad, yaani nchi, nchi. Ukienda uwanjani Cardiff siku ya raga unasikia watu elfu sabini wanaliimba hilo neno. Na wataalam wengi wa majina ya Kiwelisi leo wanaliweka Gwladus hapo hapo, kwa gwlad. Nchi. Mtawala wa kale kwa lugha hiyo aliitwa gwledig, ni mzizi huo huo, kwa hivyo kuna wanaosema jina lina harufu ya utawala, mwanamke mwenye nchi.

Basi kilema kilitoka wapi? Kilitoka kwa Klaudia. Kwa Kilatini kuna neno claudus, kilema, na ukoo wa Claudius huko Roma jina lao linahusishwa na hilo neno. Klaudia mnamjua, yuko kwa Biblia, fungueni 2 Timotheo 4:21 kwenye zile salamu za mwisho za Paulo. Sasa wasomi wa zamani wa Uingereza walipenda sana kuamini kwamba huyo Klaudia wa Paulo alikuwa binti wa mfalme kutoka kwao, kwa sababu kuna mshairi wa Roma, Martial, aliyemsifu mwanamke mmoja aitwaye Claudia Rufina mwenye asili ya Britania. Wakaunganisha Klaudia wawili kuwa mmoja, halafu wakasema basi kwa lugha ya kwao lazima aliitwa Gwladys, kwa vile majina yanafanana mdomoni. Ndio hivyo tu. Kufanana.

Lakini angalieni lugha yenyewe, na hapa ndipo kusoma kulinisaidia. Kiwelisi kilikopa maneno mengi kutoka Kilatini wakati Warumi walikaa huko karibu miaka mia nne, kama vile Kiswahili kilivyokopa Kiarabu. Candela, mshumaa, ikawa cannwyll. Castellum, ngome, ikawa castell. Corona, taji, ikawa coron. Mmesikia? Ile sauti ya K ya mwanzo imekaa pale pale, haikugeuka G. Kwa nini basi Klaudia peke yake aanze na G, tena na W ambayo Kilatini hakina mahali pale? Mtoto wa darasa la saba anaweza kuliona hilo akionyeshwa.

Na kuna maana nyingine mbili zinazotembea, nizipitie haraka. Wengine husema ni furaha, kwa sababu ya neno la Kiingereza la kufurahi, na hapa kwetu nimekutana na akina Gladys waliojitafsiri wakajiita Furaha, ni jina zuri, walibebe, lakini halikutoka huko. Wengine husema ni upanga mdogo, kwa sababu ya yale maua ya gladiola ambayo kweli jina lake kwa Kilatini ni upanga. Ua zuri pia. Si sisi.

Sasa watu waliolibeba. Wa kwanza kabisa anayekumbukwa aliishi miaka kama 1,500 iliyopita, binti wa mfalme Brychan wa Brycheiniog, leo mahali hapo panaitwa Brecon. Kasisi mmoja aitwaye Lifris aliandika habari zake kwenye mwaka 1100 hivi, akieleza maisha ya mwana wa huyo binti. Anasema mfalme jirani, Gwynllyw, alituma posa kwa Gwladys, baba akakataa, basi Gwynllyw akachukua watu mia tatu akaenda kumteka, na huku Brychan anawafukuza nyuma, wakapita karibu na kilima ambako Mfalme Arthur, yule Arthur wa hadithi, alikuwa amekaa na mashujaa wawili wakicheza kete. Arthur alipomwona msichana akamtamani yeye mwenyewe, ikabidi wenzake wamkemee, wamkumbushe kwamba kazi yao ni kusaidia wenye shida. Ndio akawasaidia akina Gwynllyw wakavuka mpaka. Mimi sehemu hiyo huwa inaniuma, manake wanaume wote pale wamesema lao na msichana hakuulizwa na mtu. Kuna maandishi mengine ya zamani yanayosema ndoa yao ilikuwa ya amani, na mimi nashika hayo. Mtoto wao ni Cadog, mmoja wa watakatifu wakubwa wa Welisi, na yeye ndiye aliwavuta wazazi wake mpaka baba akaacha vita na mama akaacha ikulu. Baba kanisa lake likawa la Newport, leo ni kanisa kuu la dayosisi. Mama, juu kwenye nyika ya Gelligaer kuna mahali panaitwa Capel Gwladys, kanisa la Gwladys, kumebaki mawe ya msingi na msalaba wa jiwe na kondoo wakila nyasi. Nimeona picha zake mara nyingi. Nikiziangalia naona kama zile nyika za juu kwetu wakati wa ukungu.

Wa pili nampenda zaidi. Gwladus Ddu, alifariki 1251. Ddu maana yake mweusi, Gwladus Mweusi, kwa ajili ya nywele na macho yake. Baba yake ni Llywelyn Mkuu, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa Welisi. Na sikilizeni jina lake kamili lilivyoandikwa, Gwladus ferch Llywelyn. Ferch ni binti. Gwladus binti Llywelyn! Na baba yake aliitwa Llywelyn ab Iorwerth, ab ni bin. Yaani hao watu hawakuwa na majina ya ukoo ya Kizungu tunayoyajua, walikuwa na bin na binti vile vile kama watu wa Lamu na Mombasa, unataja baba, unataja babu, ukoo wote unatembea na wewe. Huyu Gwladus aliozwa kwa mabwana wa mpakani, akina Mortimer, na kutoka kwa watoto wake, vizazi kadhaa mbele, akazaliwa Edward wa Nne mfalme wa Uingereza. Damu ya Gwladus Mweusi ikakalia kiti cha London.

Yuko na wa tatu, Gwladus binti wa Dafydd Gam, huyu Gwladus alifariki 1454. Huyu alipoteza baba na mume siku moja, 1415, vita vya Agincourt kule Ufaransa. Akaolewa tena, akaishi ngome ya Raglan, akawa mama wa maskini na wa washairi, mpaka mshairi mmoja akamwita Seren y Fenni, nyota ya Abergavenny, na wanasema aliposindikizwa kaburini walitembea watu elfu tatu. Hakuna aliyemwita kilema.

Lakini ngojeni niwaambie yaliyowapata hawa watu, kwa sababu bila hayo hamtaelewa jina lilifikaje kwa guku. Kati ya 1536 na 1543 mfalme Henry wa Nane akaiunganisha Welisi na Uingereza kwa sheria, na sheria ikasema mahakamani na ofisini ni Kiingereza. Karani wa Kiingereza anakaa na kalamu, mtu anajitambulisha, mimi ni fulani ap Rhys, bin Rhys, karani anaandika Price. Ap Hywel, anaandika Powell. Ab Owain, Bowen. Ap Harri, Parry. Ile bin ikamezwa ndani ya jina na hakuna aliyeiona tena. Wazee hapa mnajua hayo mambo ya karani na kipande, mnajua majina ya ukoo mangapi hapa Vihiga yaliharibika siku moja kwa sababu karani hakusikia vizuri.

Halafu shule. Karne ya 19 katika shule nyingi za Welisi mtoto akisikika anaongea Kiwelisi alivishwa shingoni kibao chenye herufi W na N, yaani Welsh Not, hakuna Kiwelisi. Anakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akiongea Kiwelisi, anampa, huyo naye anampa mwingine, na jioni yule kibao kimemlalia ndiye anachapwa. (Hapa wazee walianza kucheka na kutikisa kichwa, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Diski!") Ndiyo mzee. Diski. Sisi tulivaa ile ile, mchezo ule ule, sheria ile ile, mtoto anakuwa mpelelezi wa mtoto mwenzake. Sisi tulidhani ilibuniwa kwa ajili yetu. Kumbe walikuwa wameshaifanya kwa majirani zao wenyewe kabla hawajafika hapa. Mimi nilipoisoma hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Na hata huyu Stanley mnayefundishwa, aliyemkuta Livingstone pale Ujiji 1871, aliyeitwa Bula Matari kule Kongo, alikuwa Mwelisi. Alizaliwa Denbigh 1841, jina lake John Rowlands, akalelewa kwa nyumba ya maskini, na alipofika Marekani akaliacha jina lote akajiita Henry Stanley. Alitendea watu wa Kongo mambo ambayo mimi siwezi kuyasifu hata kidogo. Lakini hilo la mtu kutupa jina la kwao ili aonekane mtu, hilo linanisikitisha kila nikilifikiria.

Sasa kitu cha ajabu ni kwamba wakati watoto wa Welisi wanavishwa vibao, Waingereza wenyewe wakaanza kuyapenda majina ya Welisi. Waandishi wa riwaya wakaanza kuwapa wasichana wa hadithi zao jina Gladys, watu wakalisikia tamu, na kufikia miaka ya 1890 likalipuka, Uingereza na Marekani pia, pale Marekani karibu na 1900 lilikuwa kati ya majina ishirini ya juu kabisa ya wasichana. Mama yake Elvis Presley, Gladys. Yule mtumishi wa ndani wa London aliyepanda treni 1930 akavuka Urusi kwenda kuhubiri China, Gladys Aylward. Na hicho ndicho kizazi kilichokuja huku. Wamishenari, walimu wa kike, manesi, wake za madisii, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, walikuja na majina ya dada zao na mama zao, na wasichana wetu waliposimama kanisani wakapewa hayo. Ndio maana hata Winfred tuko nao wengi, na Winfred pia ni Welisi, kwao ni Gwenfrewi. Na Evans, wavulana, Evans ni Ifan, ni Yohana ya Kiwelisi. Na Owen. Na Morgan. Tuna kijiji kizima cha Welisi hapa na hatukujua.

Huko kwao jina likazeeka. Kufikia miaka ya 1950 mtoto kuitwa Gladys Uingereza ilikuwa kama kumpa mtoto jina la nyanya wa jirani, wakaliacha. Hapa kwetu mambo ni kinyume, kwa sababu sisi jina la nyanya ndilo tunalolitafuta, mtoto anazaliwa na watu wanauliza, amekuja nani? Jina haliwezi kuzeeka mahali ambapo linazaliwa upya kila baada ya kizazi. Kwa hivyo angalieni wenyewe, Gladys Cherono ameshinda mbio za marathoni za Berlin mara tatu, 2015, 2017 na 2018. Gladys Wanga, 2022, gavana wa kwanza mwanamke wa Homa Bay. Gladys Boss, mwaka huo huo akawa naibu spika wa bunge. Vukeni mpaka Uganda, Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama, amewatibu sokwe wakubwa, gorila, wa msitu wa Bwindi tangu miaka ya 1990, na akagundua kwamba huwezi kuwalinda sokwe kama binadamu wanaoishi karibu nao ni wagonjwa, akaanza kutibu wote wawili. Na kila mtu wa boda anayefungua ramani kwa simu ajue kuna mwanamke mweusi wa Virginia, Gladys West, binti wa wakulima, aliyekaa miaka mingi akipiga hesabu za umbo la dunia, na zile hesabu ziko ndani ya huo mfumo wa ramani. Hesabu za nchi. Aliyelibeba jina la nchi akaipima nchi yote.

Wawelisi wenyewe hawakunyamaza. Walipigania lugha mpaka ikarudi shuleni, 1982 wakapata stesheni yao ya televisheni, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 538,000 wanaoongea Kiwelisi, kama mmoja kwa kila sita hivi. Wanapa watoto majina yao tena, Dylan, Rhys, Megan, na wengine wamerudisha ile ap na ferch iliyomezwa na karani.

Nimalizie na hili. Ile siku ya jikoni nilimwahidi guku nitamletea jibu, na jibu lenyewe nililileta mwezi uliopita, tukakaa tena pale pale. Nikamwambia guku, ni nchi. Akaniangalia sana. Akauliza, "Nchi hii?" Nikamwambia nchi yoyote unayokaa. Akanyamaza akaendelea na mboga zake. Halafu kuna kitu nilikigundua. Guku hajawahi kusema Gladys kama redio inavyosema. Mdomo wa Kilogooli haupendi G na L zikae pamoja hivyo, anaweka sauti katikati, anasema Guladisi. Shuleni watu walikuwa wakimcheka kwa hilo na mimi nikiwa mdogo nilikuwa namrekebisha, naona aibu kulisema hapa lakini nalisema. Sasa katika Kiwelisi cha kale, kabla hawajaanza kuandika gw, waliiandika gu. G, U. Halafu L-A-D. Guku wangu bila kusoma ukurasa mmoja alikuwa ameirudisha ile sauti ambayo Waingereza waliitupa.

Wasichana wanne wa pale kwa nyasi, simameni. Na nyinyi mama wawili. Guku, usisimame, kaa hapo hapo, lakini utangulie wewe, sema jina lako kama unavyolisema siku zote, halafu sisi tukufuate.

(Guku alisema, "Guladisi." Tukamfuata.)